Dogo kamaliza fomu siksi kijijini, unamfikishaje chuo

Hii naiandika kwa ajili yako wewe kaka, dada au ticha ambae kuna dogo anakutegemea, baba na mama hawajawahi kukanyaga chuo na kwenye ukoo mzima ye ndo atakua wa kwanza. Nimewasaidia kadhaa wa namna hiyo na nilichokiona ni kwamba wengi hawakwami kwenye mtihani, wanakwama kwenye makaratasi. Dogo ana C tatu za PCB (fizikia, kemia na baiolojia) alafu yuko nyumbani anachunga mbuzi, kisa cheti cha kuzaliwa.

Kwa hiyo anza na hicho cheti, na usisubiri matokeo, anza hata akiwa fomu faivu. Bodi ya Mikopo (HESLB) wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, Zanzibar kazi hiyo ni ya ZCSRA, na kama mzazi alishafariki basi cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Sasa siku moja kaeni chini na dogo, tandikeni mkekani cheti cha kuzaliwa, cha fomu foo na kitambulisho cha NIDA kama anacho, msome majina herufi kwa herufi kwa sauti. Msicheke, kuna binti tulifanya hivyo tukakuta jina la baba huku Saidi kule Said, herufi moja tu, na tulianza kuzunguka kwa wakili kutafuta kiapo wakati dirisha la mkopo limebakiza siku chache, presha ile siitaki tena. Ukiigundua mapema inakua safari moja ya wilayani na yameisha.

Alafu kuna JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Wengi wanasahau hili! Mtihani unafanyika mwezi wa tano, dogo anaitwa kambini kwa mujibu wa sheria, matokeo yanatoka mwezi wa saba na madirisha ya vyuo na mkopo yanafunguliwa yeye akiwa kwenye kwata huko na simu hana. So kabla hajaondoka akuachie kopi za kila kitu, picha za paspoti na namba ya mtihani ya fomu foo. Hiyo namba ndo itatumika kuomba chuo na mkopo, na kama alirisiti ana namba mbili, hakikisheni ile iliyotumika chuoni ndo hiyohiyo ya kwenye mkopo, ukichanganya hapo mkopo hautamwona chuoni.

Kuomba chuo siku hizi unaomba moja kwa moja kwenye chuo chenyewe, ule mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa kuombea vyuo vyote sehemu moja uliisha 2017. TCU wanatoa kitabu cha mwongozo, kidauniloudi bure usome vigezo vya kozi yenyewe, usisikilize maneno ya kijiweni. Kiwango cha chini cha digrii kwa wa fomu siksi ni prinsipo mbili (masomo mawili makuu uliyofaulu) zenye jumla ya pointi 4, yani hata D mbili (D ni pointi 2), ila kozi nyingi zinataka zaidi, udaktari kwa mfano ni PCB na angalau D kila somo, na hapo bado hujagusa ushindani. Mwambie aombe chuo zaidi ya kimoja na kozi anayoiweza kweli iwepo. Pointi zikigoma kabisa kuna diploma, na kutokea diploma watu wanaenda digrii kila mwaka, si aibu.

Sasa steshenari. Najua ndo mnakoenda, na wengi pale wanasaidia vizuri tu, ila namba ya simu na imeili ziwe za dogo au zako, pasiwedi iandikwe kwenye daftari nyumbani. Dogo akichaguliwa vyuo viwili au zaidi anatakiwa akonfemu kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa meseji, sasa kuna dogo namba yake ilienda kwenye simu ya kijana wa steshenari ambae alishahama mji. Tulimtafuta siku tatu.

Fomu ya mkopo ada yake miaka hii imekua 30,000, ichangishwe mapema. Ukishajaza unaprinti, anasaini dogo, mdhamini na picha yake, mwenyekiti au mtendaji wa kijiji na muhuri, alafu wakili au hakimu, ndo unaskani zile kurasa zenye sahihi na kuzipandisha. Mtendaji mpigie simu kabla, unaweza kutembea kilomita kumi ukakuta ofisi imefungwa na muhuri kaondoka nao. Kama kaya iko TASAF, ule mpango wa kusaidia kaya maskini, jaza namba ya kaya, kama dogo ana ulemavu kuna fomu ya mganga mkuu wa wilaya, wengine wanaona aibu kuviandika hivi wakati ndo vinavyoonyesha uhitaji. Akikosa bechi ya kwanza ya majina ya waliopata mkopo subiri zinazofuata, na dirisha la rufaa likifunguliwa akate rufaa.

Mwisho nauli. Bumu, yani hela ya kujikimu ya mkopo, haliji siku ya kwanza, anaweza kukaa wiki kadhaa hajaona hata mia, kwa hiyo uzeni hata jogoo awe na nauli, godoro, ndoo na hela ya kula ya mwezi mmoja. Na atafute mapema mtu wa kwao aliyepo chuoni hapo, ampokee stendi.