Kuzisikiliza Lugha za Watoto Darasani: Mwongozo kwa Mwalimu Tarajali

Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania tangu mwaka 1967, lakini mwalimu tarajali atakayepangiwa mazoezi ya kufundisha mkoani Manyara atakuta watoto wa darasa la kwanza ambao nyumbani husema Kiiraqw, Kimasai, Kidatooga au Kimbugwe, na kwa upande wa Yaeda Chini, Kihadza. Siku ya kwanza, muulize mwalimu wa darasa ni lugha zipi zinazosemwa na watoto, kisha uwasikilize wenyewe wakati wa mapumziko, kwa kuwa majina ya daftari la mahudhurio hayatoshi.

Jisikilize nawe pia. Jirekodi kwa simu ukisoma aya moja kwa sauti. Ukichanganya "l" na "r", au "dh" na "z", usitarajie imla yako iandikwe sawasawa.

Mtoto akisoma "kula" akatamka "kura", mwonyeshe picha ya mtu anayekula na ya mtu anayepiga kura. Akichagua ya kwanza, ameelewa alichosoma, na kilichobaki ni matamshi, ambayo hayastahili kumpunguzia alama za kusoma. Upatanisho wa ngeli nao unahitaji subira: Kimasai hugawa nomino kwa jinsia ya kiume na ya kike, hivyo mzoeze mtoto vifungu kamili kama "kiti kile, viti vile", badala ya kumkatiza kila neno.

Hisabati ndiko makosa ya lugha yanakojificha zaidi. Uliza: "Asha ana maembe 8, Juma ana 5, maembe ya Asha yanazidi ya Juma kwa mangapi?" Mtoto aliyejifunza kuzidisha juzi anaweza kujibu 40, na kwa kweli hesabu yake ya kuzidisha ni sahihi, ni swali ambalo hakulipata. Waache wawili wanaosema lugha moja walijadili kwa lugha yao huku wakipanga vijiti, ndipo wakueleze kwa Kiswahili. Huhitaji kuijua lugha hiyo, kwani vijiti vitakuonyesha kama wanatoa au wanazidisha. Kwa sababu hiyo naona kumwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya kwao ni kujinyima ushahidi.

Katika sehemu ya tathmini ya andalio la somo, andika kosa lenyewe kama lilivyosemwa, pamoja na lugha ya mtoto, ili mkufunzi akija kukukagua mjadili kosa hilo.