Injini ya dizeli inagonga: mambo ya kuzingatia kabla ya kukubali ifunguliwe

Gari la dizeli la zamani lina kelele zake, na mwenye gari anazijua. Kinachotisha ni mlio mpya, ko-ko-ko ambao jana haukuwepo. Hapa Tabora ukifika nao gereji, mara nyingi jibu la kwanza ni "tushushe injini". Usikubali haraka. Injini iliyofunguliwa inaweza kukaa wiki nzima chini ya turubai ikisubiri spea kutoka Dar es Salaam, na mlio wenyewe hausikiki tena ili mtu auchunguze.

Anza na oili. Simamisha gari mahali tambarare, zima, subiri kama dakika 10, ndipo uchomoe stiki. Ikiwa chini ya alama, usiwashe mpaka uongeze. Ikiwa imezidi na inanuka dizeli, mafuta yanavujia ndani, oili imekuwa nyepesi na beringi zinaumia. Usiwashe hiyo pia. Na taa ya oili ikiwaka huku injini inagonga, zima palepale, hata kama uko porini kati ya Sikonge na Ipole. Kuvutwa kwa kamba ni nafuu kuliko kununua kranki, shafti kuu ya injini.

Kama oili iko sawa, sikiliza asubuhi kabla injini haijapata moto, kisha sikiliza tena ikiwa ya moto, na urekodi kwa simu mara zote mbili. Mlio unaofifia injini inapopata moto mara nyingi ni wa pistoni iliyolegea ndani ya silinda, na gari linaweza kuendelea nao kwa muda. Tiki-tiki nyepesi ya juu, chini ya kava, ni tapeti, vidude vinavyosukuma valvu. Unaoniogopesha mimi ni mlio mzito wa chini unaokua kadiri injini inavyopata moto, na kuzidi gari likibeba magunia: huo ni wa beringi za konrodi, fimbo zinazounganisha pistoni na kranki.

Jiulize pia mlio ulianza lini. Kama ulianza baada ya kujaza tangi, shuku mafuta kwanza: dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga. Fungua koki chini ya filta umwage maji. Kama pampu ya dizeli ilishushwa au mkanda wa taimingi ulibadilishwa hivi karibuni, na silinda zote zinagonga kwa pamoja, huenda taimingi imetangulizwa mno, yaani dizeli inaingia kwenye silinda mapema kupita kiasi. Mlio unaweza pia kutoka nje ya injini: tikisa mauntini, yaani raba zinazoshikilia injini, feni na bomba la salensa. Kanyaga klachi, mlio ukibadilika, angalia upande wa gia.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kulegeza nati za mabomba ya nozo, zile zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda, moja baada ya nyingine, gari likiwa sailensi, yaani injini inawaka bila kukanyaga mafuta. Kinafaa tu kwa pampu ya zamani isiyo na kompyuta, kama ya Hilux ya 3L au Land Cruiser ya 1HZ. Kwenye dizeli za kisasa za komoni reli, ambazo nozo zake huongozwa na kompyuta, usijaribu kamwe. Hata hizo za zamani zina presha ya kutoboa ngozi, kwa hiyo vaa glavu, funika nati kwa kitambaa, weka uso mbali. Dizeli ikikuingia mwilini nenda hospitali hata kama kidonda ni kidogo. Nusu mzunguko inatosha. Silinda ambayo ukiilegeza mlio unapungua, ndiyo yenye tatizo.

Ila hapo wengi wanakosea. Nozo mbovu na beringi iliyokwisha zote hunyamaza silinda ikikatwa mafuta. Mimi niliambiwa beringi zimekwisha, nikaomba kwanza nozo ya silinda ya tatu ihamishiwe ya nne, kwa washa mpya, zile ringi za kuziba. Mlio ukahamia ya nne. Ilikuwa nozo. Kama ungebaki ya tatu, ningeanza kuamini habari ya beringi.

Mlio ukibaki silinda ileile, mwaga oili kwenye beseni safi na uichuje kwa kitambaa. Chembe za beringi hung'aa kama shaba au fedha, na hazishiki sumaku. Ukiziona, kubali kazi ianze, ila omba sampu, bakuli la oili chini ya injini, ishushwe kwanza, mkague beringi kwa chini kabla silinda hedi haijaguswa.