Ukuta ulioliwa chini: namna kikundi cha kujitolea kinavyoutengeneza

Nyumba nyingi za tofali mbichi huko Magu, Misungwi, Sengerema na Ukerewe, mkoani Mwanza, haziangushwi na uzee. Maji ya paa hudondokea karibu na ukuta, yakaruka, yakatafuna sentimita 30 au 40 za chini, na siku moja ya masika kona ikakaa chini. Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu wanane hivi na fundi mmoja anayelipwa. Msijidanganye kwamba kujitolea kunaondoa gharama ya fundi. Kunaondoa ya vibarua tu.

Kabla ya kushika jembe

Pangeni kazi kati ya Juni na Agosti. Anzeni kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtendaji wa kijiji, na mjue wazi nyumba ni ya nani. Bibi anayeishi ndani si lazima awe mwenye kiwanja, na ukuta mpya huwaamsha ndugu waliokuwa kimya miaka yote. Andikeni kitakachofanyika na kitakachoachwa, mwenyewe asaini au aweke dole gumba.

Hatua ya 1: Pimeni

Ning'inizeni timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, kutoka juu ya ukuta. Juu ikiwa imetoka nje kwa zaidi ya theluthi ya unene wa ukuta, hapo hakuna cha kutengeneza, ubomolewe. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha na kupenya hadi ndani maana yake msingi unatitia, jambo la kawaida kwenye udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Hapo fundi aamue kwanza.

Hatua ya 2: Fukuzeni maji

Chimbeni mtaro mita moja kutoka ukutani, na ardhi iliyo katikati iteremke sentimita 5 kuelekea mtaroni. Paa likiwa limetokeza chini ya sentimita 45, liongezwe. Mkiruka hatua hii, yote yanayofuata mtayarudia.

Hatua ya 3: Badilisheni miguu ya ukuta

Hapa ndipo nyumba huwaangukia watu, kwa hiyo msiharakishe. Tegemezeni kenchi kwa mirunda kutoka ndani, kila mrunda ukanyage ubao, usizame sakafuni. Kwa mkaa, gaweni ukuta vipande vya sentimita 60 na kuviandika 1, 2, 3, 4, kisha 1, 2, 3, 4 tena hadi mwisho. Fanyeni namba 1 zote, subirini siku mbili, halafu 3, halafu 2, mwisho 4. Msifungue pande mbili za kona moja siku moja.

Kwenye kila kipande, chimbueni udongo uliooza mpaka mfikie tofali gumu. Jengeni kwa mawe hadi sentimita 30 juu ya ardhi. Mawe Mwanza si haba, ila yana wenyewe, ombeni. Udongo wa kujengea ni simenti 1 kwa mchanga 6: mfuko wa kilo 50 ni kama ndoo moja na robo tatu za lita 20, hivyo mchanga ni ndoo kumi na nusu. Changanyeni kiasi cha kumaliza ndani ya saa moja. Ukianza kushika msiuongeze maji.

Mchanga wa ufukweni msiuchote ovyo: Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wa kununua nao upimeni. Jazeni nusu chupa, ongezeni maji, tikiseni, uacheni utulie. Tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi, mchanga uoshwe.

Juu ya mawe tandikeni nailoni nzito, mwache nafasi ya sentimita 3 chini ya tofali la zamani. Kesho yake ishindilieni kwa simenti 1 na mchanga 3, mchanganyiko mkavu: ukiufumbata unashikana, lakini kiganja hakilowi. Piga kwa kipande cha ubao mpaka ubao huo udunde. Mkiweka wa majimaji utasinyaa, ukuta utabaki unaning'inia, na nyufa zitaonekana baada ya wiki.

Hatua ya 4: Lipu ya udongo, si ya simenti

Wafadhili hupenda lipu ya simenti kwa sababu inapendeza kwenye picha. Juu ya tofali mbichi ni hasara: ni ngumu kuliko ukuta, inapasuka, maji yanaingia nyuma yake yasipate pa kutokea, na baada ya misimu kadhaa inabanduka ikiwa imebeba tofali.

Tumieni udongo wa kichuguu ndoo 1, mchanga 2 hadi 3, na mabua ya mpunga yaliyokatwa urefu wa kidole. Loweka siku tatu au zaidi. Kwanza pakeni vipande vitatu vya majaribio. Kinachopasuka kinataka mchanga, kinachopukutika kikisuguliwa kinataka udongo. Lowesheni ukuta, pakeni safu mbili.

Udongo huu hukanyagwa kwa miguu, na maji ya ziwa yana kichocho. Yachoteni yakae siku mbili kwenye pipa lenye kifuniko, lisilo na konokono, ndipo myatumie, au kanyageni kwa gambuti.

Hatua ya 5: Fungeni paa

Upepo wa ziwani huinua paa zima. Kila kenchi ifungwe kwa waya mnene unaoshuka sentimita 60 ndani ya ukuta na kuzungushiwa kipande cha mti kilicholazwa. Msumari wa bati upigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni. Juu apande fundi.

Rudini baada ya mvua ya kwanza ya vuli, na mmwachie mwenye nyumba gunia la udongo uliokwisha kuchanganywa mkavu. Mahali matone yanapopiga ukuta ndipo atakapoziba mwenyewe.