Kupima jeni za kinga kwenye mkojo wa aliyepandikizwa figo, hatua kwa hatua

Kreatinini, taka ya damu inayopimwa kujua hali ya figo, hupanda figo ikiwa imeshaanza kuumia. Seli za kinga zinazoivamia figo mpya hutangulia, na baadhi yake hutoka na mkojo zikiwa na RNA, yaani nakala za ujumbe wa jeni zilizowashwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2013, wa wagonjwa 485 na sampuli 4,300 za mkojo, ulionyesha kwamba alama iliyojengwa kwa CD3ε na CXCL10 (jeni za kinga) pamoja na 18S (RNA iliyomo katika kila seli, ya kulinganishia) hupanda wiki kadhaa kabla ya biopsi (kipande cha figo kinachochunguzwa kwa hadubini) kuthibitisha kwamba mwili unaikataa figo. Hapa naeleza jinsi ya kukifanya kipimo hiki katika maabara ya utafiti Kisumu bila kuiharibu sampuli njiani.

Hatua ya 1: Chukua mkojo kliniki. Mgonjwa akija na chupa aliyoijaza nyumbani Bondo ikakaa mfukoni ndani ya matatu hadi hapa, mshukuru, kisha umwombe mwingine. Vimeng'enya vya mkojo hula RNA haraka, na joto la huku ziwani halisaidii. Unahitaji mililita 50 hivi. Muulize kwa upole: "Mama, kuna homa? Unaumia ukikojoa?" Andika majibu na saa, na upeleke sehemu ya mkojo ikaoteshwe bakteria.

Hatua ya 2: Zungusha kwenye sentrifyuji mara moja, 2,000 g kwa dakika 30. Hapa wengi huteleza: g ni nguvu ya msukumo, si mizunguko kwa dakika. Pima nusu kipenyo cha rota yako kwa sentimita. Kwa rota ya sentimita 17, 2,000 g ni karibu mizunguko 3,240 kwa dakika. Rota ndogo zaidi itahitaji kasi kubwa zaidi. Mwaga maji ya juu polepole. Mashapo mara nyingi ni utando mweupe hafifu kwenye ncha ya tyubu, kwa hiyo mulika kwa taa kabla hujasema hakuna kitu.

Hatua ya 3: Ongeza dawa ya kuhifadhi RNA, kisha weka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Hakikisha friza imeunganishwa na jenereta.

Hatua ya 4: Toa RNA, safisha DNA iliyobaki, geuza kuwa cDNA (DNA iliyonakiliwa kutoka RNA), endesha PCR, mbinu ya kuzidisha nakala hizo mzunguko kwa mzunguko hadi zionekane. 18S ikichelewa mno kuonekana, sampuli haifai. Itupe na uombe nyingine.

Hatua ya 5: Soma namba. Kila mzunguko wa PCR huongeza nakala karibu maradufu. Ikiwa mwezi jana CXCL10 ilionekana mzunguko wa 31 na leo wa 27, huku 18S ikiwa palepale, imeongezeka kama mara 16. Linganisha mgonjwa na sampuli zake mwenyewe za awali. Usiazime kiwango cha mpaka cha Marekani ukakipachika kwa watu wa Siaya na Vihiga. Mpaka wetu lazima tuupime wenyewe.

Hatua ya 6: Kabla ya kusema "figo inakataliwa", simama. Hatua hii ndiyo inayonikosesha usingizi. CXCL10 hupanda pia mgonjwa akiwa na virusi vya BK, vinavyoweza kuidhuru figo iliyopandikizwa, au maambukizi ya njia ya mkojo. Figo ikikataliwa, daktari huongeza dawa za kuzuia kinga. Virusi vya BK vikichachamaa, huzipunguza. Namba moja, tiba mbili zinazopingana. Kwa hiyo jibu la jeni lisitoke peke yake: liambatane na PCR ya BK kwenye damu, majibu ya kuotesha bakteria, kreatinini, na kiwango cha takrolimusi (dawa ya kuzuia kinga) kilichopimwa kabla mgonjwa hajameza dozi ya asubuhi. Mwulize kama kweli hajaimeza. Ambaye dawa zilimwishia akakosa nauli ya kuja kuzichukua atakuwa na kiwango cha chini, na habari hiyo pekee yaweza kueleza kila kitu.

Hatua ya 7: Andika ripoti kwa sentensi ambayo daktari hawezi kuielewa visivyo: "CXCL10 imepanda mara 16 kulinganisha na sampuli iliyopita, BK haijaonekana, takrolimusi iko chini, biopsi ifikiriwe." Kisha mpigie simu siku hiyohiyo.