Phulka na dali ya adesi: kupika chapati nyembamba ya Kihindi bila kuchosha mikono

Phulka ni chapati nyembamba isiyotiwa mafuta, ambayo nyumba nyingi za kaskazini na magharibi mwa India huipika kila siku. Wagujarati huiita rotli. Chapati tuliyoizoea Afrika Mashariki, ile ya kukunjwa kwa mafuta, kwa Wahindi iko karibu zaidi na paratha. Naan nayo ni ya tanuri la tandoor, wala sioni sababu ya kuihangaikia nyumbani. Naandika haya baada ya kushinda jikoni na mpwa wangu, ambaye phulka zake zilikuwa zikitoka ngumu kama ngozi ya ngoma.

Hatua ya 1: Injika adesi

Dali ni mchuzi mzito wa adesi. Osha kikombe kimoja cha adesi nyekundu zilizokobolewa, uziinjike kwa vikombe vitatu vya maji na nusu kijiko cha chai cha manjano. Hazihitaji kulowekwa, zitaiva kwa dakika 20 hadi 25 huku wewe ukishughulikia unga.

Hatua ya 2: Unga

Tumia atta, yaani ngano nzima iliyosagwa laini. Gramu 300 kwa mililita 200 hivi za maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo hutoa phulka 10. Changanya mpaka pasibaki unga mkavu, funika, kisha uuache kwa dakika 20. Katika muda huo pumba hunywa maji na unga hushikamana wenyewe, hivyo ukirudi utakanda dakika mbili au tatu tu. Uwe laini kuliko unga wa chapati zetu.

Hatua ya 3: Kusukuma

Gawa madonge 10, usukume kila moja lifikie upana wa sentimita 16 hivi, kingo zisiwe nene kuliko katikati. Vibao vya kubana chapati sivipendekezi, kwa kuwa donge la ngano hujivuta likarudi nyuma, nami kila mara niliishia kushika kifimbo.

Hatua ya 4: Moto

Hatua hii ndiyo iliyonila jioni nyingi. Nilidhani kosa liko kwenye unga, kumbe kikaango hakikuwa kimepata moto. Phulka hututumka kwa sababu maji yaliyomo hugeuka mvuke kwa ghafla na kutenganisha tabaka la juu na la chini. Moto ukiwa hafifu, maji hayo hukauka taratibu na unabaki na kipande kikavu. Basi pasha kikaango kizito cha chuma, bila mafuta, mpaka tone la maji lirukeruke na kutoweka. (Vikaango vyenye utando wa kuzuia kushika sivitumii hapa, kwa kuwa havifai kupashwa vitupu kwa moto mkali.)

Kung'uta unga mkavu ulioshika juu ya phulka, ama sivyo utaungua na kuacha uchungu. Upande wa kwanza uupe sekunde 15 hadi 20 tu, mpaka rangi ibadilike na vipele vidogo vichomoze. Ukiukausha hautanyumbuka tena. Geuza, upande wa pili uupe sekunde 30 au 40, upate madoa ya kahawia. Kisha iweke phulka juu ya mwali wa gesi, upande wa kwanza ukiwa chini, nayo itajaa kama mpira. Ikiwa ina tundu au mkunjo, mvuke utatokea hapo na haitajaa, ingawa bado inalika vizuri. Mwenye jiko la makaa aweke wavu juu ya makaa yaliyokwisha kushika bila moshi. Mwenye jiko la umeme aigeuze tena kikaangoni na kuibonyeza kwa wepesi kwa kitambaa kilichokunjwa, akianzia pale ilipokwisha kuvimba na kuusukuma mvuke upande ulio bapa, akijihadhari na vidole.

Paka samli, uzipange ndani ya kitambaa safi.

Hatua ya 5: Tadka

Tadka ni viungo vinavyokaangwa kwa samli na kumiminwa juu ya dali. Tia chumvi kwenye adesi, uzipondeponde kwa mwiko. Pasha vijiko viwili vya samli, tia kijiko cha chai cha jira nzima. Ikianza kupasukapasuka, ongeza punje tatu za kitunguu saumu zilizokatwakatwa, pilipili kavu moja na chembe ya mvuje. Saumu ikigeuka rangi ya dhahabu, mimina vyote juu ya adesi na ufunike sufuria papo hapo, harufu isitoroke.