Andika Kwanza, Blogu Ifuate: Mwongozo kwa Anayeanza

Wengi wanaotaka kublogu huanzia kwenye jina, rangi na nembo. Wiki zinapita, blogu inapendeza, na ndani yake kuna makala moja tu ya kuwakaribisha wasomaji. Mimi nashauri mpangilio mwingine: zoea kuandika kwanza, blogu yenyewe utaifungua baadaye. Nimeandika hapa kwa ajili ya mtu mwenye simu ya kawaida, bando la kubana na kazi nyingine inayomlisha.

Hatua ya 1: Tafuta unachoulizwa

Pitia meseji zako za WhatsApp, zile za sauti zikiwemo, uone watu wanakutafuta kwa jambo gani. Kama majirani wanakuuliza habari za kuku, mada yako ni kuku. "Maisha" au "mambo mbalimbali" si mada. Ibane zaidi: kuku wa kienyeji kwa mtu anayeishi mjini mwenye ua mdogo.

Yaandike maswali hayo kwenye daftari kama yalivyoulizwa. "Kwa nini kuku wangu wanakufa wote kwa mpigo kila kiangazi?" Hicho tayari ni kichwa cha makala, tena kinakishinda mbali "Changamoto za ufugaji", kwa sababu ndivyo mfugaji mwingine atakavyouliza Google. Maswali kumi ya namna hiyo yanatosha kuanzia.

Hatua ya 2: Funga muda wako kwenye jambo lisilokosekana

Hapa ndipo wengi hukwama. Usisubiri Jumamosi ukidhani utapata nafasi; Jumamosi ina harusi, misiba na vikao vya kikoba. Chagua kitu unachofanya kila siku bila kukumbushwa, uandike mara baada yake: baada ya Swala ya Alfajiri, baada ya kuwapeleka watoto shule, baada ya kufunga duka. Dakika ishirini zinatosha. Zima data kabla hujaanza. Utulivu unarudi na bando linabaki.

Lengo la siku liwe dogo, aya moja. Siku ukishindwa, kesho andika aya moja vilevile, usijitwishe mbili za kulipia. Deni la maandishi likishakuwa kubwa, mtu hulikimbia daftari lenyewe. Na kabla ya kuinuka, andika kwa maneno machache utakachoanza nacho kesho, ili usikae ukitazama ukurasa mtupu.

Hatua ya 3: Bana rasimu mpaka itoe kitu

Rasimu ya kwanza ya mtu anayeanza huwa hivi:

"Ufugaji wa kuku wa kienyeji ni shughuli muhimu sana inayochangia kipato cha kaya nyingi nchini, na magonjwa ni miongoni mwa changamoto zake."

Sarufi haina tatizo, lakini mfugaji aliyefiwa na kuku wake hajaambulia kitu. Iulize sentensi hiyo: ugonjwa gani? Ufanye nini? Lini? Kiasi gani? Kisha andika upya:

"Kideri hakina dawa, kina chanjo. Chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho la kila kuku, na unarudia kila baada ya miezi mitatu. Mimi huchanja jioni wakishaingia bandani, maana mchana kuwakimbiza ni kazi."

Sasa msomaji ana la kufanya leo jioni. Soma makala yote kwa sauti. Pumzi ikikukatikia katikati ya sentensi, igawe. Halafu iangalie aya ya kwanza kwa jicho kali. Mara nyingi makala huanzia kwenye aya ya pili, na ile ya kwanza inafutika bila kuacha pengo.

Andika kwa Kiswahili unachozungumza. Ndesanjo Macha, miongoni mwa waliotangulia kublogu kwa lugha yetu katikati ya miaka ya 2000, alionyesha kwamba teknolojia na siasa vinajadilika kwa Kiswahili bila shida yoyote.

Hatua ya 4: Sasa fungua blogu

Fanya hivi ukishakuwa na makala tatu zilizokamilika. Blogger, huduma iliyoanza 1999 na kununuliwa na Google 2003, ni ya bure na inahitaji akaunti ya Google tu, kama ile ya Gmail. Ingia blogger.com, andika jina, chagua anwani (itaishia na blogspot.com), kisha chagua muundo mwepesi. WordPress, huduma nyingine ya kublogu, ina uwezo mkubwa zaidi, lakini pia ina mengi ya kukupotezea muda mwanzoni. Picha zipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha. Msomaji wako naye ananunua bando.

Hatua ya 5: Toa makala moja kila wiki, mbili ziwe akiba

Chagua siku, tuseme Jumanne. Blogger inakuruhusu kupanga tarehe na saa ya makala kutoka, kwa hiyo hata ukiugua au ukisafiri, Jumanne haipiti kavu. Akiba ikipungua, ijaze kabla ya kuhangaikia jambo jingine lolote.

Ukiwa Tanzania, angalia pia sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wanablogu kuwa na leseni iliyogharimu zaidi ya shilingi milioni 2 kwa jumla. Tangu hapo zimebadilishwa zaidi ya mara moja, hivyo waulize TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kinachotakiwa sasa, hasa kama unataka kuandika habari na matukio.

Hatua ya 6: Rudi kwenye makala za zamani

Mara moja kwa mwezi, tumia zile dakika ishirini kusoma ulichokwisha kutoa. Bei ya chanjo ikibadilika, isahihishe kwenye makala ileile na uandike juu tarehe ya sahihisho. Anwani ya makala usiiguse, kwa sababu watu wameshatumiana kwenye magrupu na wengine wataibonyeza mwakani.