Somo: Kutengeneza koti la pamba lenye nta kwa mvua za ziwani

Habari zenu wadau. Masika ikikaribia huwa tunaulizana hapa Mwanza: anayetoka Igoma na pikipiki alfajiri, au anayekesha ziwani akivua dagaa, avae koti gani? Mimi nasema koti la pamba lililopakwa nta. Unaweza kulitengeneza mwenyewe kwa jiko la mkaa.

Koti la plastiki linazuia mvua, sikatai. Ila linafungia na jasho humo humo; panda nalo kilima cha Bugando uone, utafika umelowa kwa ndani. Likichanika, basi tena. Pamba yenye nta inapitisha hewa kiasi, ikitoboka fundi anashona, na nta ikipungua unapaka nyingine. Mabaharia wa Uingereza na Uskoti ndio walioanza, kwa kupaka mafuta ya kitani kwenye matanga na kujishonea mavazi ya mvua kwa vipande vilivyobaki. Mafuta yale yalikakamaa kwenye baridi na kugeuka njano, hivyo kufikia miaka ya 1930 nta ya parafini ikachukua nafasi yake. Kampuni ya Barbour ya South Shields, Uingereza, iliyoanza mwaka 1894, imejulikana kwa makoti haya, na kampuni ya Belstaff, iliyoanza mwaka 1924, ikawashonea waendesha pikipiki. Sisi tuna mashamba ya pamba hadi Kwimba na Magu, halafu mvuani tunavaa nailoni. Haya, tuendelee na kazi.

Hatua ya 1: Koti
Mitumba ya Mlango Mmoja inatosha. Tafuta koti la khaki nzito au turubai, lililofumwa kwa kubana. Liinue juani: ukiona mwanga unapenya kama kwenye chekeche, liache. Muuzaji akikuhakikishia ni pamba tupu, chomoa uzi mmoja kwenye pindo uuchome. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Hatua ya 2: Fua
Maji na sabuni kidogo, kisha suuza mpaka povu liishe kabisa, maana sabuni iliyobaki inavuta maji. Usitie dawa ya kulainisha nguo. Anika likauke hadi kwenye mishono.

Hatua ya 3: Nta
Hapa ndipo penye kazi. Parafini ya mishumaa mingi huyeyuka kwenye nyuzi joto 50 hadi 60 na kitu. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye 62 hadi 64. Ukizidisha mshumaa, koti litakuwa linanata jua likiwaka. Kwa hali yetu nachanganya sehemu mbili za nta ya nyuki na moja ya mshumaa mweupe. Robo kilo kwa jumla inatosha koti la kawaida. Nta waulize wauza asali, hasa wanaoleta mzigo kutoka Tabora.

Usiiweke sufuria ya nta juu ya moto moja kwa moja. Chemsha maji kwenye sufuria kubwa, halafu weka kopo la nta humo ndani. Nta iliyopitiliza joto inashika moto, na moto huo hauzimwi kwa maji. Ukimwaga maji unalipuka. Weka mfuniko karibu, na watoto wakae mbali.

Hatua ya 4: Kupaka
Tandaza koti juani saa nane mchana. Kama nyumba yako imejengwa kati ya mawe, mwamba uliopigwa na jua ni meza nzuri kuliko zote. Paka kwa brashi, upande wa nje tu, safu nyembamba. Mishono ya mabegani rudia mara mbili, kwani maji huanzia hapo. Kwapani usipake, hewa ipite. Kola paka kidogo, isikunatie shingoni.

Hatua ya 5: Kuzamisha nta kwenye kitambaa
Nta itaonekana nyeupe juu ya kitambaa. Pitisha draya ya saluni, au pasi ya moto mdogo juu ya karatasi ya kaki, mpaka weupe upotee na rangi ikolee. Tundika siku nzima, kisha nyunyizia maji. Matone yakiteleza umemaliza. Yakinywewa, paka tena pale pale.

MASWALI

Mdau wa Nansio: Mkuu, sisi wa dagaa mvua inatukuta usiku na upepo juu. Litahimili?
Jibu: Mvua ya kawaida ndiyo. Usiku maji ya ziwa yana joto kuliko nchi kavu, pepo za pande zote zinakutana katikati na kuzaa radi, nanyi mko huko huko. Mvua ya namna hiyo ya saa nzima itapenya kwenye mishono. Na tafadhali, jaketi okozi livaliwe juu ya koti. Pamba ikizama majini inakuwa nzito.

Dada wa Nyakato: Kaka, nafuaje likichafuka?
Jibu: Hulifui, dada. Tope likikauka lipukute, kisha futa kwa sponji na maji baridi. Sabuni, maji ya moto na mashine vinaondoa nta yote. Usilikunje likiwa bichi ndani ya mfuko wa plastiki, litaota ukungu.

Bodaboda wa Buzuruga: Abiria wangu hatapata madoa?
Jibu: Wiki za mwanzo anaweza, hasa akivaa nguo nyeupe. Futa kwa kitambaa kikavu kabla ya kutoka.

Mdau wa Sengerema: Nitumie mafuta ya kula badala ya nta?
Jibu: Hapana. Yataoza, yatanuka, na panya watakushukuru.

Bodaboda wa Buzuruga: Na kupaka tena ni lini, mkuu?
Jibu: Ukiona mabega yananywa maji. Kwa anayelivaa kila siku, kadiria mara moja kwa mwaka, kabla ya masika. Mara ya pili nta inayohitajika ni nusu tu.